Gari la Umeme Lendalo Kasi Katika Kisiwa cha Mombasa: Nguvu, Joto na Upana wa Njia

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili akitaka dereva aongeze mwendo humwambia akanyage mafuta. Ibara hiyo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayesimama kuitafakari. Hata hivyo, katika gari linaloendeshwa kwa umeme mtupu hakuna mafuta ya kukanyagwa. Hakuna tangi, hakuna plagi za cheche, wala hakuna ekzosi. Kilichomo chini ya mguu wa dereva ni kanyagio linalopeleka taarifa kwa kompyuta, nayo kompyuta huamua ni kiasi gani cha umeme kitoke katika betri na kuingia katika mota.

Nchini Kenya, umeme umeingia barabarani hasa kwa njia ya pikipiki na mabasi ya abiria. Vyombo hivyo hununuliwa kwa hesabu ya gharama: mwenye chombo hupima alichotumia kwa petroli na anachotumia kwa umeme. Liko, hata hivyo, kundi jingine la magari ya umeme ambalo hununuliwa kwa sababu nyingine kabisa. Haya ni magari madogo ya milango minne yaliyoundwa yampeleke mwenyewe kazini siku za juma, kisha yaingie katika uwanja wa mbio siku ya mapumziko. Miongoni mwa yanayojulikana zaidi ni Porsche Taycan, iliyoanza kuuzwa mwaka 2019, Tesla Model S Plaid ya mwaka 2021, na BMW i4 M50 iliyotoka mwaka huohuo.

Makala haya yananuia kueleza namna gari la aina hiyo linavyofanya kazi, na kuchunguza maisha yake yatakavyokuwa iwapo mmiliki wake anaishi katika kisiwa cha Mombasa, hasa katika Mji wa Kale. Hoja inayotolewa ni kwamba nguvu, ambayo ndiyo sifa inayotangazwa zaidi, ndiyo jambo dogo kuliko yote. Mambo makubwa ni mawili: joto linakokwenda, na nafasi iliyopo ya kupita. Asiyeyaelewa hayo mawili huweza kuharibu mali ya thamani kubwa na, lililo baya zaidi, kuhatarisha maisha ya jirani zake.

Umeme na magurudumu Mombasa: historia fupi

Umeme si mgeni Mombasa. Kwa mujibu wa historia ya kampuni ya Kenya Power, mwaka 1875 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alijipatia jenereta ya kuangazia kasri lake na njia zilizolizunguka. Mwaka 1908 mtambo huo ulinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na huo ukawa mwanzo wa kampuni ya kwanza ya umeme mjini humo. Nairobi nayo ilikuwa ikianza kupata taa zake wakati huohuo. Kwa hiyo, historia ya umeme wa Kenya inaanzia katika bahari hiihii ambayo chumvi yake, kama itakavyoelezwa, ndiyo inayoyasumbua magari ya umeme leo.

Usafiri wa kisiwani wakati huo ulikuwa wa namna yake. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miongo ya kwanza ya karne ya 20, wakubwa wa serikali na wafanyabiashara walisafiri kwa toroli ndogo zilizopita juu ya reli nyembamba, zikisukumwa na watu. Mwendo wake ulikuwa mwendo wa miguu ya wasukumaji. Njia za Mji wa Kale zilizaliwa kabla hata ya toroli hizo. Zilikatwa kwa kipimo cha mtu, punda na hamali aliyebeba mzigo begani.

Katika ulimwengu mwingine, umeme ulikuwa tayari umeshika mbio. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, dereva Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la betri lililoitwa La Jamais Contente kwa kasi ya takriban kilomita 105.9 kwa saa. Hilo ndilo gari la kwanza la barabarani kuvuka kilomita 100 kwa saa, na lilikuwa la umeme. Mwaka huohuo reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Petroli ilishinda baadaye kwa sababu betri za siku hizo zilikuwa nzito na ziliisha haraka, si kwa sababu mota ya umeme ilikosa nguvu.

Afrika Mashariki nayo ikajenga mapenzi yake ya mbio juu ya petroli. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, yakawapa watu mashujaa kama Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano kati ya mwaka 1973 na 1982. Mashindano hayo yaliporudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 yalifanyika Naivasha. Kati ya mwaka 2022 na 2024 magari ya daraja la juu yalibeba mota ya umeme pamoja na injini ya petroli, kabla ya utaratibu huo kuachwa mwaka 2025. Umeme umeshaonja vumbi la Safari, ingawa kwa muda mfupi.

Nguvu hutoka wapi?

Ili kuelewa tofauti iliyopo, ni vyema kulinganisha mota na injini. Injini ya petroli huchoma mafuta ndani ya silinda, na mlipuko husukuma pistoni. Ikizunguka polepole, nguvu yake ya kuzungusha magurudumu ni ndogo. Ndiyo maana gari huhitaji gia nyingi na dereva hulazimika kusubiri injini ipande. Mota ya umeme hufanya kazi kwa sumaku. Umeme unapopita katika waya zilizozungushwa huzalisha uga wa sumaku, nao uga huo huvuta sehemu ya ndani ya mota izunguke. Nguvu hiyo hupatikana yote tangu mzunguko wa kwanza kabisa, gari likiwa bado limesimama.

Matokeo yake hushangaza. Taycan Turbo S ilipotoka, kiwanda kilieleza kwamba huondoka mahali pake na kufikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 2.8. Model S Plaid, yenye mota 3, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 1,020. Miaka michache nyuma takwimu za namna hii zilikuwa za magari ya mbio pekee, yasiyoweza kubeba watoto wala kikapu cha sokoni.

Jambo la pili ni breki. Dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio, mota hugeuka kuwa jenereta: magurudumu huizungusha, nayo hurudisha umeme katika betri huku ikilipunguza gari mwendo. Faida yake huonekana wazi katika safari ya Mombasa na Nairobi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,700 hivi. Kulipandisha gari la kilo 2,200 hadi kimo hicho huhitaji nishati ya takriban kilowati-saa 10, yaani yuniti 10 za umeme kama zile za mita ya nyumbani, mbali na nishati ya kusukuma hewa na kuzungusha tairi. Gari linaporudi pwani, sehemu ya yuniti hizo hurejea katika betri. Gari la petroli likiteremka huigeuza sehemu hiyo kuwa joto la breki na injini, likapotelea hewani.

Hata hivyo, hesabu hiyohiyo inaonyesha mpaka wa gari. Likitumia yuniti 20 kwa kila kilomita 100 katika barabara kuu, safari ya kilomita 480 hivi itadai yuniti 96, na 10 zaidi za kupanda. Betri ya yuniti 80 haitoshi. Msafiri hana budi kupanga mapema mahali pa kuchaji njiani.

Joto: mpinzani wa uwanjani

Uwanja wa mbio ni mahali dereva anapodai nguvu yote kwa mfululizo, na hapo ndipo hesabu ya joto inapoanza. Gari lenye nguvu ya kilowati 400 na betri ya yuniti 80 lingemaliza betri yote kwa dakika 12 kama lingetumia nguvu hiyo bila kupumzika. Kwa kuwa zipo kona na breki, muda huongezeka, lakini si kwa kiasi kikubwa sana. Matumizi ya uwanjani huweza kuwa mara tatu au nne ya matumizi ya barabarani.

Kabla betri haijaisha, hupata moto. Tuseme ni asilimia 5 tu ya kilowati 400 inayopotea kama joto ndani ya betri, nyaya na mota. Hizo ni kilowati 20, sawa na pasi 20 za umeme za wati 1,000 zilizowashwa kwa pamoja ndani ya sanduku moja lililofungwa chini ya sakafu ya gari. Joto hilo lazima litolewe na maji ya kupozea yanayozunguka kati ya seli, yakapelekwa kwenye rejeta na kupozwa na upepo. Upepo wenyewe ukiwa wa nyuzi 32 za Selsiasi, kama ulivyo Mombasa mchana wa Februari na Machi, kazi ya kupoza huwa ngumu kuliko katika nchi za baridi ambako magari haya hujaribiwa.

Seli za lithiamu hupenda joto la wastani, mithili ya lile analolifurahia binadamu au zaidi kidogo. Zikipita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, kompyuta hupunguza nguvu ili kuziokoa. Dereva huhisi gari limelegea ilhali betri bado ina chaji. Wengi hudhani ni ubovu. Kwa kweli ni kinga. Tofauti baina ya gari la umeme lenye kasi ya kuonyesha na gari la umeme la uwanjani hasa imo katika uwezo wa kurudia. La kwanza huondoka kwa kishindo mara moja au mbili. La pili hufanya hivyo mzunguko baada ya mzunguko. Porsche iliijenga Taycan juu ya mfumo wa volti 800 kwa sababu moja kubwa: volti zikiwa nyingi, mkondo unaohitajika kwa nguvu ileile huwa mdogo, na nyaya hupata joto kidogo.

Uzito nao una neno lake. Gari la kilo 2,200 likiwa katika kasi ya kilomita 200 kwa saa hubeba nishati mara 16 ya ile linayobeba katika kilomita 50 kwa saa, kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kabla ya kona, breki lazima ziimeze nishati hiyo. Urudishaji wa umeme husaidia, lakini betri iliyojaa au iliyopata moto haiwezi kupokea umeme mwingi. Wakati huo breki za kawaida hubeba mzigo wote. Kwa hiyo anayeingia uwanjani hukagua pedi, mafuta ya breki na tairi kwanza, na haanzi na betri iliyojaa pomoni.

Maisha ya barabarani: njia, chumvi na ukimya

Kisiwa cha Mombasa kina kilomita za mraba zipatazo 14. Ndani yake mna barabara pana kama Moi Avenue, yenye zile Pembe za Ndovu, na mna Mji wa Kale, ulioenea kaskazini mwa Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Kupita Ndia Kuu au vichochoro vya Kibokoni ni kupita kati ya kuta za matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, na baraza ambazo watu huketi. Taycan ina upana wa takriban mita 1.97 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Likikutana na mkokoteni, mmoja wao hana budi kurudi nyuma, na hamali mwenye mzigo hawezi kutarajiwa kuwa yeye.

Hapa ndipo ukimya wa gari unapogeuka kuwa hatari. Mtu wa Mji wa Kale hutembea kwa masikio. Hujua pikipiki inakuja kabla haijakata kona, na husikia sauti ya hamali akiomba njia. Gari la umeme likienda polepole halitoi ngurumo. Mzee anayetoka msikitini, mtoto anayekimbilia chuoni, au mtu asiyeona anayepapasa njia kwa bakora hana habari kwamba kuna chombo cha zaidi ya tani 2 nyuma yake. Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba kuanzia Julai 2019 aina mpya za magari ya umeme ziwe na kifaa kinachotoa sauti gari linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa. Magari yaliyotengenezwa kabla ya kanuni za namna hiyo huweza kukikosa kifaa hicho. Anayenunua gari lililotumika anapaswa kuuliza kama kimo, na kama hakijazimwa na mwenye gari wa kwanza.

Wepesi wa kuondoka nao unahitaji nidhamu. Gari linalofikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3 hufikia 50, ambao ndio ukomo wa sheria mjini, katika sekunde moja na nusu hivi, likiwa limesogea mita 10 tu, yaani urefu wa magari mawili yaliyoegeshwa. Mguu ukiteleza kidogo, madhara hutokea kabla akili haijatambua. Kwa bahati njema, magari mengi ya aina hii humruhusu dereva kuchagua mpangilio wa upole unaopunguza wepesi wa kanyagio. Ndani ya kisiwa, mpangilio huo unafaa kuwa wa kudumu.

Bahari nayo ina madai yake. Hewa yenye chumvi hula chuma na viungio vya umeme. Gari la umeme lina tatizo moja ambalo wengi hawalitarajii: kwa kuwa mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, breki zenyewe hutumika kwa nadra, na diski zake hupata kutu. Siku dereva atakapozihitaji kwa dharura, zitakuwa zimepoteza ubora. Dawa yake ni nyepesi: kukanyaga breki kwa nguvu mara chache kila juma mahali palipo salama, na kuliosha gari chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi.

Kuhusu maji ya bahari yenyewe, tahadhari ni kubwa zaidi. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida, Marekani, Septemba 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama katika maji ya chumvi yalishika moto siku kadhaa baadaye. Chumvi hupitisha umeme, na ikipenya ndani ya betri huweza kuunganisha visivyopaswa kuunganishwa. Gari lililofunikwa na maji ya bahari hadi usawa wa betri lisiwashwe wala lisichajiwe. Litengwe mbali na majengo hadi fundi aliyehitimu alikague. Katika Mji wa Kale, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta na dari nyingi zimejengwa kwa boriti, moto wa gari moja si msiba wa mtu mmoja.

Kuchaji katika nyumba za zamani

Nyumba nyingi za Mji wa Kale hazina ua wa kuegeshea gari. Mlango hufunguka moja kwa moja njiani. Kuchaji, jambo ambalo katika vitabu vya watengenezaji huonekana jepesi, hapa huwa suala la kijamii. Waya uliotandazwa kupita njia ya watu ni mtego, na wakati wa mvua ni hatari mara mbili. Isitoshe, majengo ya kihistoria yanalindwa kisheria, na kutoboa kuta zake bila idhini si haki ya mwenye gari.

Soketi ya kawaida ya ampea 13 hutoa takriban kilowati 3. Betri ya yuniti 80 iliyo tupu itachukua zaidi ya saa 26 kujaa, na soketi hukaa moto muda wote huo. Kichaji cha ukutani cha kilowati 7.4 hufanya kazi hiyo kwa saa 11 hivi, lakini ni kama kuwasha pasi saba usiku kucha. Nyaya za nyumba iliyowekewa umeme miongo mingi iliyopita, kwa ajili ya taa na feni, hazikukusudiwa mzigo huo. Kabla ya kununua gari, mmiliki amwite fundi wa umeme mwenye leseni apime nyaya, fyuzi na waya wa ardhini. Ikiwa nyumba haifai, suluhisho la busara ni kuegesha na kuchaji katika sehemu nyingine ya kisiwa au Nyali, kisha kuingia Mji wa Kale kwa miguu, kama walivyofanya waliotangulia.

Gharama ya umeme wenyewe si kubwa. Mwaka 2023 mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya, EPRA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa zisizo na shughuli nyingi, kabla ya kodi na tozo nyingine. Kwa bei hiyo, yuniti 80 ziligharimu kati ya shilingi 640 na 1,280 kabla ya nyongeza hizo. Aidha, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hivyo gari linalochajiwa nchini huchafua hewa kidogo kuliko linalochajiwa kwa umeme wa makaa ya mawe.

Betri ya matumizi ya kila siku haifai kujazwa kabisa na kuachwa juani. Kwa seli nyingi za magari haya, kubaki kati ya asilimia 20 na 80, na kuegesha kivulini, huongeza umri wa betri. Kivuli cha mwarobaini kina thamani kubwa kuliko pambo lolote la gari.

Usukani, umri na dhamana

Kenya huendesha upande wa kushoto, na gari la usukani wa kushoto halisajiliwi ila kwa sababu maalumu. Kanuni hiyo pekee huondoa baadhi ya magari katika orodha. Model S Plaid, kwa mfano, haikuuzwa ikiwa na usukani wa kulia, na mwaka 2023 waliokuwa wameiagiza hivyo nchini Uingereza waliambiwa wasiitarajie. Taycan na i4 zimetengenezwa kwa usukani wa kulia.

Kanuni ya pili ni umri. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8. Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Watengenezaji wengi hudhamini betri kwa miaka 8 au kilomita 160,000, kwamba haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Gari linaloshuka bandari ya Kilindini likiwa na miaka 7 limebakiwa na mwaka mmoja wa dhamana, na mara nyingi dhamana hiyo haivuki mipaka ya nchi au eneo lilikouzwa. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme mtupu ulipunguzwa mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10, lakini nafuu hiyo haiwezi kulipia betri mpya. Mnunuzi apate kwanza taarifa ya afya ya betri iliyopimwa kwa chombo, na aulize kama gari lilitumika uwanjani.

Pa kukimbilia

Linabaki swali la mwisho: gari hili litakimbia wapi? Kisiwani hakuna uwanja wa lami wa mbio za magari. Barabara ya Mama Ngina, ambako jioni familia hupunga upepo, hula mihogo na kunywa madafu, huwashawishi vijana wenye magari mepesi. Daraja la Nyali usiku wa manane huwashawishi vilevile. Lakini mashindano katika barabara ya umma bila idhini ni kosa kisheria, na mwenye kulipa si dereva peke yake. Katika kilomita 100 kwa saa gari husogea mita 28 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kutambua kwamba mtoto amevuka, mita hizo 28 zimekwisha kabla hajagusa breki.

Michezo ya magari ya pwani imekuwa zaidi ya vumbi kuliko ya lami. Njia za vumbi na mawe hazilifai gari la chini lenye betri sakafuni. Jiwe moja lililochongoka laweza kutoboa kilicho ghali kuliko vyote. Viwanja vya lami vyenye kiwango cha kimataifa vilivyo jirani kwa maana ya undugu viko Ghuba, kama Dubai Autodrome, iliyofunguliwa mwaka 2004, na Yas Marina ya Abu Dhabi, ya mwaka 2009. Familia nyingi za Mombasa zina jamaa huko. Kukodi gari la uwanjani kwa siku moja mahali palipo na waokoaji, zimamoto na msimamizi wa mbio ni nafuu kuliko kulipeleka la mtu mwenyewe, na ni salama kuliko kuugeuza mtaa kuwa uwanja.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba gari la umeme lendalo kasi lina maisha mawili yasiyofanana. Uwanjani hudai kupozwa, breki nzima na dereva anayejua kupumzisha betri. Mtaani hudai sauti ya kuonya, diski zisizo na kutu, nyaya salama na mguu mwepesi. Anayelinunua kwa ajili ya maisha ya kwanza lakini akaishi Mombasa atatumia siku nyingi zaidi katika maisha ya pili, na hayo ndiyo anayopaswa kuyaandalia fedha na fikira.

Ibara ya kukanyaga mafuta huenda ikabaki katika Kiswahili hata mafuta yenyewe yakitoweka magarini. Maneno hudumu kuliko mitambo iliyoyazaa. Vivyo hivyo, njia za Mji wa Kale zimedumu kuliko toroli, na zitayaona magari haya yakipita. Hazitapanuka kwa ajili yake; ni dereva atakayejifunza kipimo chake. Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai, nao hawakuwa wamewahi kuona chombo kinachoweza kufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3 bila kutoa sauti.